Aliandika Vizuri, Akashindwa Kusikiliza

Kwa miaka kadhaa sasa nafundisha kwenye programu ya shahada ya uzamili ya uongozi wa elimu, ile inayowaandaa walimu kuwa wakuu wa shule, makamu wao na wasimamizi wa elimu. Pamoja na kufundisha, nilikabidhiwa kazi ambayo wenzangu wengi huikwepa: kukusanya ushahidi kwamba wanafunzi wetu wanajifunza yale tunayosema wanajifunza. Mwanzoni niliichukulia kama kazi ya makaratasi. Mwaka wa masomo ukiisha unaomba alama kwa wahadhiri, unazipanga kwenye jedwali kwa kila tokeo la ujifunzaji, yaani kila jambo tunaloahidi kwamba mhitimu ataliweza, unaandika aya tatu za maelezo, unapeleka ripoti. Jedwali langu lilipendeza. Karibu kila mwanafunzi alikuwa "amefikia kiwango" au "amevuka kiwango" katika kila kitu. Niliweka sahihi, nikaendelea na mengine.

Kisha nikaenda kumtazama mwanafunzi mmoja akiwa kwenye mafunzo kwa vitendo.

Alikuwa miongoni mwa hodari wa kundi lake. Insha yake juu ya namna mkuu wa shule anavyoweza kumsaidia mwalimu kuboresha ufundishaji niliisahihisha mwenyewe, na niliipa alama ya juu kuliko zote. Siku hiyo alikuwa amekaa nyuma ya darasa kwa kipindi kizima akimwangalia mwalimu wa hisabati akifundisha, na sasa wawili hao walikuwa ofisini, ana kwa ana, kukizungumzia kipindi hicho. Mimi nilikaa kando na karatasi yangu.

Mazungumzo yalichukua kama dakika 20. Mwanafunzi wangu alizungumza karibu zote. Alianza kwa pongezi, kama tunavyowafundisha, kisha akafungua orodha ya mambo saba ya kurekebisha. Mwalimu alijaribu mara mbili kueleza kwa nini aliwagawa wanafunzi katika makundi yasiyolingana ukubwa. Mara zote mbili alikatizwa, kwa upole, kwa lugha safi ya kitaalamu, akarudishwa kwenye orodha. Mwishoni aliulizwa, "Una swali lolote, mwalimu?" Akajibu, "Hapana, nashukuru." Akafunga daftari lake. Hakuwa ameandika neno hata moja.

Jioni ile niliitafuta ile insha nikaisoma upya. Ukurasa mzima ulihusu kusikiliza. Ulikuwa umeandikwa vizuri sana: unaeleza kwamba mwalimu aliyehukumiwa kabla ya kusikilizwa hujifunga, kwamba ushauri usioombwa huingia sikio moja na kutokea la pili. Mwanafunzi wangu hakuwa ameiba maneno hayo wala hakuwa anadanganya. Aliyajua. Nilipofungua jedwali langu nikamtafuta kwenye tokeo linalosema mhitimu "ataweza kuwaongoza walimu katika kuboresha ufundishaji", nilikuta nimemwandikia "amevuka kiwango".

Hapo ndipo kazi yangu ilipoanza kunisumbua kikweli. Tokeo lilizungumzia kuwaongoza walimu. Kazi tuliyompa ilimtaka aandike kuhusu kuwaongoza walimu. Sisi tulichukua alama ya la pili tukaibandika kwenye la kwanza, na hakuna aliyeuliza, kwa kuwa jedwali lilikuwa limejaa.

Wanaofundisha udaktari waliligundua jambo hili mapema kuliko sisi. Mwaka 1990, George Miller, mwalimu wa madaktari kutoka Marekani, alichora piramidi yenye ngazi nne: chini kabisa ni kujua, juu yake kujua namna ya kufanya, kisha kuonyesha namna ya kufanya, na kileleni ni kutenda kweli kazini. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka na nzito kuitekeleza: mtihani wa karatasi, hata ukiwa mzuri namna gani, haukupi habari za kilele. Kabla yake, mwaka 1973, mwanasaikolojia David McClelland alikuwa ameshasema kwamba ukitaka kujua kama mtu anaweza kuendesha gari, mpe gari aendeshe umwone. Nilichukua kazi zote tulizokuwa tukizitumia kama ushahidi, kozi baada ya kozi, nikazipanga kwenye ngazi hizo nne. Insha, mitihani, mapitio ya machapisho, mpango mkakati wa shule ya kubuni: karibu zote zilirundikana kwenye ngazi mbili za chini. Mafunzo kwa vitendo peke yake ndiyo yaliyofika juu, nayo tulikuwa tukiyapima kwa kuhesabu saa.

Alama ya kozi nayo ina tatizo lake, na nalitaja upesi kwa sababu kila mhadhiri analijua moyoni. Ndani ya alama moja ya mwisho mna mahudhurio, kuwasilisha kazi kwa wakati, ufasaha wa lugha, mpangilio wa marejeo, ushiriki darasani na, mahali fulani katikati, uwezo wenyewe tunaodai kuupima. Wanafunzi wawili wanaweza kupata alama ileile, mmoja akiwa anajua kusoma bajeti ya shule na hajui kuandika, mwingine akiwa kinyume chake. Alama hiyo inafaa kumwambia mwanafunzi amefaulu kozi. Haifai kuiambia programu ni kitu gani haikufundisha.

Tulipokaa kama timu kuyaangalia matokeo yetu ya ujifunzaji, tuliona kwamba tuliyaazima karibu neno kwa neno kutoka kwenye viwango vya kitaaluma. Sivilaumu viwango. Vile vya viongozi wa shule vya Marekani vilianza mwaka 1996 vikiwa 6, na vilipoandikwa upya mwaka 2015 vikawa 10, vikagusa maadili, usawa, malezi ya wanafunzi, ushirikiano na familia na jamii, mambo ambayo mtu yeyote anayejali shule angependa kuyaona. Lakini kiwango kimeandikwa ili kuieleza taaluma nzima. Hakikuandikwa ili kumsaidia mhadhiri aamue, saa nne asubuhi akiwa na karatasi mkononi, kama huyu aliye mbele yake ameweza au hajaweza. "Mhitimu ataonyesha uelewa wa uongozi wenye maono." Nilimuuliza mwenzangu, "Ukiwa umekaa chumba kimoja na mtu mwenye uelewa huo, utaona nini?" Akafikiri sana. Akasema, "Nitasoma alichoandika."

Jaribio letu la kwanza la kurekebisha lilikuwa baya, na nalisimulia kwa sababu naona programu nyingi zikilirudia. Tulichukua orodha ya vitenzi. Ngazi za malengo ya elimu zilizochapishwa na mwanasaikolojia wa elimu Benjamin Bloom na wenzake mwaka 1956, zikarekebishwa mwaka 2001, zimezaa orodha nyingi za vitenzi vya kuandikia malengo, na ni rahisi kuamini kwamba kitenzi kikibadilika, kipimo kimebadilika. Tukafuta "kuelewa" tukaweka "kuchambua". Tukafuta "kufahamu" tukaweka "kutathmini". Tulifanya kazi hiyo mchana kutwa. Muhula uliofuata tuliwapa wanafunzi insha zilezile, zikiwa chini ya vitenzi vipya.

Kilichotusaidia ni swali lile la chumba. Kwa kila tokeo tulijilazimisha kuandika ni kitu gani mtu wa tatu, aliyekaa kona bila kusema neno, angekiona au kukisikia. Tokeo la kuwaongoza walimu likawa hivi: baada ya kumwangalia mwalimu akifundisha, mwanafunzi anaendesha mazungumzo ambamo mwalimu mwenyewe anataja jambo analotaka kulibadilisha, na mwanafunzi analiunganisha jambo hilo na kitu mahususi alichokiona darasani. Sentensi hiyo ni ndefu na haivutii kwenye tovuti ya chuo. Lakini watu wawili waliokaa kona mbili za chumba wanaweza kuitumia.

Si matokeo yote yaliyokubali. Ujasiri wa kimaadili ulitushinda. Utaona nini, mtu akiwa jasiri kimaadili, mpaka siku atakapojaribiwa? Tulibishana hadi jua likazama. Mwishowe tulikubaliana kwamba hatutaunda kipimo cha uongo kwa ajili ya kujaza safu. Tunampa mwanafunzi kisa chenye maslahi yanayogongana, anaandika uamuzi wake, kisha anautetea kwa mdomo mbele ya watu wawili ambao kazi yao ni kumsukuma abadilishe msimamo. Kinachopimwa ni hoja na uthabiti wake chini ya shinikizo la chumbani. Kwenye ripoti tunaandika hivyohivyo, hatusemi kwamba tumepima ujasiri.

Sasa nije kwenye zoezi lililonifundisha mengi kuliko yote. Wazo lake ni la zamani. Katika miaka ya 1950, mtafiti Norman Frederiksen na wenzake walibuni jaribio la kikapu cha barua: unamweka mtu kwenye meza ya kiongozi, unampa rundo la barua na ujumbe uliomsubiri, unamwacha afanye kazi. Kazi hiyo ilipelekwa hadi kwa wakuu wa shule za msingi nchini Marekani, na mwaka 1962 yakachapishwa matokeo ya utafiti uliowaketisha zaidi ya wakuu 200 katika kiti cha mkuu wa shule moja ya kubuni, kila mmoja na barua zilezile. Uzuri wake ni huo: shule moja, barua moja, watu tofauti. Katika mafunzo kwa vitendo kila mwanafunzi hukutana na shule yake na bahati yake. Mmoja hupangiwa shule tulivu, mwingine anakuta mgogoro mlangoni. Ukiwalinganisha, unalinganisha shule.

Tuliandika kikapu chetu wenyewe. Barua pepe na vijikaratasi 14, saa moja na nusu. Mzazi analalamika mtoto wake amedhalilishwa mbele ya darasa. Mwalimu anaomba ruhusa siku ya mtihani. Mhasibu ameleta taarifa ambayo jumla ya matumizi hailingani na stakabadhi. Mjumbe wa bodi anataka mpwa wake apewe nafasi. Mlinzi ameandika mistari miwili kuhusu watoto wanaobaki shuleni baada ya saa za masomo. Mwalimu mshauri ameleta maelezo ya mwanafunzi wa darasa fulani ambaye ameacha kula na wenzake. Na mengine ya kawaida, mabomba na ratiba, maana shule ina mabomba na ratiba.

Tulificha jambo moja humo. Malalamiko ya mzazi, mistari ya mlinzi na maelezo ya mwalimu mshauri yalimhusu mtoto yuleyule. Katika barua moja ametajwa kwa jina, katika nyingine kwa darasa na mahali anapokaa, katika ya tatu kwa sweta analovaa. Hakuna barua inayosema hivyo. Ni lazima msomaji aliunganishe mwenyewe.

Niliposoma majibu ya kundi la kwanza sikulala mapema. Kulikuwa na majibu 14 kwa barua 14, kila moja na heshima zake, kila moja imeelekezwa kwa anayehusika: mzazi amepangiwa miadi, mlinzi ameshukuriwa, mwalimu mshauri ameombwa aendelee kufuatilia. Ofisi imesafishwa. Na mtoto, katikati ya majibu yote hayo mazuri, hajaonwa. Wengi walifanya hivyo. Wachache walisimama kwenye barua ya mlinzi, wakarudi nyuma, wakaandika pembeni: "Huyu si yuleyule?" Mmoja wao alijibu barua sita tu kati ya 14. Kwa mwongozo wetu wa zamani wa usahihishaji angeanguka, kwa sababu mwongozo ulihesabu barua zilizojibiwa.

Tuliufuta mwongozo huo. Sasa tunaangalia mambo manne: mpangilio wa kipaumbele na sababu yake, uwezo wa kuunganisha habari zilizotawanyika, nani anahusishwa na nani anaachwa, na lugha anayoandikiwa mtu mwenye hasira au hofu. La tatu ndilo linalonigusa zaidi. Wanafunzi ambao tayari wameshawahi kuwa makamu wakuu wa shule walikuwa na kasi kubwa, na baadhi yao walikuwa na tabia ya kumtupia kila jambo gumu mwalimu wa nidhamu. Uzoefu uliwapa mazoea, na mazoea hayakuwa yote mema. Hilo lisingeonekana kamwe kwenye insha, kwa sababu kwenye insha hakuna anayeandika kwamba mambo yote yapelekwe kwa mwalimu wa nidhamu.

Lakini kipimo kizuri mkononi mwa wasahihishaji wasioelewana ni bure, na sisi hatukuwa tunaelewana. Tulichukua kikapu kimoja, watu wawili tukakisahihisha kila mmoja peke yake kwa kipimo cha 1 hadi 4. Mimi nilitoa 4. Mwenzangu, ambaye ana uzoefu mrefu kunizidi na ninamheshimu sana, alitoa 2.

"Mwalimu mwenzangu," akaniambia, "sentensi hizi hazisimami. Mkuu wa shule ataandikaje hivi?"

"Soma alichoamua," nikamwambia.

Akasoma tena, safari hii polepole. Mwanafunzi yule alikuwa akiandika kwa lugha ambayo si ya kwanza kwake, wala si ya pili. Sarufi ilimkwaza. Lakini alikuwa amemwona mtoto, alikuwa amempigia mzazi simu badala ya kumwandikia, na alikuwa ameliweka suala la mhasibu mikononi mwa watu wawili ili asibaki nalo peke yake. Mwenzangu alikaa kimya, kisha akasema jambo ambalo nimeliandika kwenye ukurasa wa mbele wa daftari langu: kwamba alikuwa akipima uandishi kwa miaka mingi akidhani anapima busara. Mimi nami nilikuwa nimekosea, maana lugha ya kumwandikia mzazi mwenye hasira ni sehemu ya kazi, na nilikuwa nimeipuuza kwa sababu uamuzi ulinifurahisha. Tukatenganisha safu mbili hizo. Kazi ile ikapata 4 kwenye uamuzi na 2 kwenye lugha, na kwa mara ya kwanza mwanafunzi alijua hasa ajitahidi wapi.

Tangu hapo hatusahihishi kazi ya ushahidi bila kwanza kukaa pamoja na sampuli tatu. Tunapima pia makubaliano yetu, na hapa kuna mtego ambao mwanatakwimu Jacob Cohen aliuonyesha mwaka 1960. Chukua wasahihishaji wawili ambao kila mmoja husema "amefikia" kwa kazi 90 kati ya 100. Hata wangegawa alama hizo wakiwa wamefumba macho, wangekubaliana kwenye kazi zipatazo 82, kwa bahati tu. Kwa hiyo programu inapojisifu kwamba wasahihishaji wake wanakubaliana kwa asilimia 82 huku karibu kila mtu akifaulu, haijathibitisha kitu. Kipimo cha Cohen hukata ile sehemu ya bahati ndipo kihesabu kinachobaki. Mara ya kwanza tulipokitumia, kilichobaki kilikuwa kidogo cha kutia huruma. Tulikiweka kwenye ripoti vilevile kilivyo.

Dodoso la mwisho wa masomo, lile linalomuuliza mhitimu kama anajiona ameiva, nitalipitia kwa haraka. Wanasaikolojia Justin Kruger na David Dunning walionyesha mwaka 1999 kwamba walio chini kabisa kwenye jambo ndio hujipandisha zaidi kuliko uwezo wao. George Howard na wenzake, mwaka 1979, walikuwa wameshaonyesha upande mwingine: mtu akifunzwa, kipimo chake cha ndani hubadilika, kwa hiyo hujipa alama ndogo baada ya mafunzo kuliko kabla, hali amepanda. Ilitupata kwenye bajeti. Baada ya muhula mmoja wanafunzi walijipunguzia alama, na tulikuwa karibu kuandika kwamba kozi imefeli. Mwanafunzi mmoja ndiye aliyetufumbua macho: "Mwanzo nilidhani bajeti ni kujumlisha tu. Sasa najua ni kuchagua nani akose." Siku hizi tunawauliza mwishoni tu, maswali mawili kwa pamoja: kwa unavyojua leo, ulikuwa wapi ulipoanza, na uko wapi sasa.

Barua za wakuu wa shule wanaowapokea wanafunzi wetu nazo zilikuwa na kasoro yake. Zote zilisifu. Mchapakazi, mtiifu, ana heshima. Wakuu hawa wanatusaidia bila malipo, wana shughuli nyingi, na wengi wao wanampenda kijana waliyempokea. Ukiwapa kipimo cha 1 hadi 5 watazungushia 5. Tukaacha kuwaomba alama. Tunawaomba wasimulie tukio moja ambalo mwanafunzi alilazimika kuamua jambo, na alifanya nini, kwa aya moja. Aya hizo ni dhahabu. Mkuu mmoja aliandika kwamba mwanafunzi wetu aliongoza kikao cha walimu, akaona wawili wamenuna, akasimamisha ajenda akawauliza. Mwingine aliandika kwamba wa kwetu alikuja na kompyuta, akachukua kumbukumbu nzuri sana, na hakuna mwalimu aliyemfahamu jina mpaka akaondoka. Mwanafunzi huyo wa pili alikuwa na saa nyingi za mafunzo kwa vitendo kuliko wenzake wote.

Wapo wanaoniambia kwamba haya yote ni mzunguko usio na haja: subiri wahitimu wapewe shule, kisha angalia matokeo ya watoto. Ninaelewa hamu hiyo, kwani mwisho wa yote ni mtoto. Mtafiti wa uongozi wa shule Kenneth Leithwood na wenzake, katika mapitio ya tafiti waliyoyatoa mwaka 2004, walisema uongozi ni wa pili baada ya ufundishaji darasani miongoni mwa mambo ya shule yanayochangia kujifunza kwa watoto. Lakini sehemu kubwa ya mchango huo hupita kwa walimu, na kwa mazingira wanayofanyia kazi. Kati ya semina yangu na alama ya mtoto kuna mkuu wa shule, walimu makumi kadhaa, familia, umaskini au neema, na miaka. Tena mwanasaikolojia Donald Campbell alionya tangu miaka ya 1970 kwamba kadiri takwimu moja inavyotumiwa kufanya maamuzi makubwa, ndivyo inavyovutia kuchezewa na kuharibu kile ilichokusudiwa kukipima. Nikihukumiwa kwa alama za watoto wa shule za wahitimu wangu, nitaanza kuwachagua wahitimu watakaoenda kwenye shule ambazo tayari zinafaulu. Hata nisipotaka, nitaanza. Mimi naridhika kuwauliza walimu walio chini ya wahitimu wetu, mwaka mmoja baadaye, maswali machache: je, ameingia darasani kwako, mlizungumza nini, ulibadilisha nini.

Na ushahidi huu wote ni kuni zisizowashwa mpaka watu wausome pamoja. Zamani kikao chetu cha kujadili matokeo kilichukua dakika 15 mwishoni mwa kikao kingine. Sasa tunatenga nusu siku. Hatuleti wastani. Tunaleta rekodi tatu za mazungumzo na walimu, zilizorekodiwa kwa ridhaa ya wote waliomo, na vikapu sita. Kwenye kikao cha kwanza cha namna hiyo tuliona kwamba kosa la yule mwanafunzi wangu hodari halikuwa lake peke yake. Katika rekodi zote tatu, anayejiandaa kuwa kiongozi ndiye aliyezungumza zaidi. Tukajiuliza wamejifunza wapi. Mhadhiri kijana kuliko sote, kwa adabu, akaomba tuangalie pia rekodi ya semina yetu moja. Tuliiangalia. Mhadhiri alizungumza, wanafunzi wakaandika. Mhadhiri huyo alikuwa mimi.

Tulibadilisha vitu viwili. Mazungumzo na mwalimu hayasubiri tena mafunzo kwa vitendo ya mwisho. Yanaanza muhula wa kwanza, mara tatu, bila alama, kila mara mwanafunzi akisikiliza rekodi yake mwenyewe na kuhesabu dakika zake na za mwenzake. Ng'ombe hanenepi siku ya mnada, na sisi tulikuwa tukimpeleka mnadani bila kumlisha. La pili, kila semina inatenga nusu ya muda ambao mhadhiri haruhusiwi kutoa hoja, anauliza tu. Hili linatuuma zaidi kuliko la kwanza. Bado najikuta nafungua mdomo.

Mwanafunzi yule alikuwa karibu kuhitimu na mabadiliko hayo hayakumhusu. Nilimwita nikamweleza nilichokiona, nikamwambia wazi kwamba alama ya insha haitabadilika, na kwamba kumpa "amevuka kiwango" kwenye jedwali lilikuwa kosa langu. Alinyamaza kwa muda. Akaomba arudi kwa mwalimu yuleyule.

Alirudi mara mbili. Mara ya pili nilikuwepo, kwenye kiti kilekile cha kando. Hakuleta orodha. Aliuliza, "Yale makundi, mwalimu, uliyapangaje?" Kisha akanyamaza, na mwalimu naye akanyamaza, na kimya kikawa kirefu mpaka nikatamani kukivunja mimi. Mwalimu akaanza kueleza. Wanafunzi wa kundi dogo walikuwa wamekosa wiki mbili za masomo, kila mmoja kwa sababu yake, na aliwaweka wachache karibu na meza yake ili aweze kuwarudisha kwenye sehemu wasiyoisoma bila kuwaaibisha. Lakini wale wa kundi kubwa, akasema, walikuwa wanamkimbia mkononi, na hilo ndilo angependa kulirekebisha. Mwanafunzi wangu akamweleza alichokiona kwenye kundi kubwa: wasichana wawili waliomaliza mapema wakakaa tu. "Wale wangeweza kufundisha," mwalimu akasema, na kwa mara ya kwanza akafungua daftari.

Nilifungua rubriki, mwongozo wetu wa kusahihishia. Mwalimu ametaja mwenyewe jambo la kubadilisha: ndiyo. Limeunganishwa na kitu mahususi kilichoonekana: ndiyo. Hawakupanga ni lini wataonana tena. Nikaandika 3. Mwenzangu aliangalia rekodi ileile wiki iliyofuata bila kujua alama yangu, akaandika 2, kwa sababu, alisema, mazungumzo yasiyo na miadi ya kurudi ni nusu ya kazi. Tumeliweka suala hilo kwenye ajenda ya kikao kijacho, pamoja na rekodi nyingine mbili.